Waulizeni Wenyewe Kwanza

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Zombo tumemaliza kuvuna mpunga, na mguu wa mama yako umepona.

Umeniuliza kikundi chenu hapo Mikumi kianzie wapi, maana halmashauri imewapa fedha za kuwasaidia vijana wanaovuta bangi.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu Saidi alivuta bangi hadi akaacha kulima. Wazee wakamwitia kikao. Mmoja alitaka afukuzwe kijijini, mwingine apelekwe polisi. Saidi alikuwa amekaa palepale. Mama akasimama, akamwuliza, "Mwanangu, wewe unataka tukusaidieje?"

Saidi akalia. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Akasema, "Nitoeni kwa wale wenzangu. Nikiwa nao siwezi kuacha."

Mjomba akamchukua akaishi kwake Kilangali, wakawa wanalima pamoja. Alirudia bangi mara mbili, na mara zote mjomba alimpokea. Hatimaye akaacha kabisa.

Sisemi wote watapona hivyo. Ila kabla hamjanunua chochote, kaeni na vijana hao, muwasikilize, na kwenye kamati ya kikundi chenu wawemo.

Babu yako Saidi nimemsomea barua yako. Amesema atakuja Mikumi mwenyewe, aongee nao.

Bibi yako,
Mwanaidi