Habari ya Kumpelekea Mama Yake Alberto

Jumatatu, 4 Oktoba 1993. Kitangari
Nimeokota korosho hadi saa nne. Kisha somo la Kimakua. Alberto anacheka ninavyotamka. Alikimbia vita Msumbiji miaka mitano iliyopita, anaishi kwa vibarua. Mwakani kanisa linanituma kwao, ng'ambo ya Ruvuma, nikahubiri. Bila yeye siwezi lugha.

Jumamosi, 9 Oktoba
Gunia mbili zaidi za korosho zimeibwa kijijini. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori kutoka Masasi, korosho hazilali salama nyumbani. Watu wanasema ni wakimbizi. Nandonde, mzee wa kanisa langu, ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Ameniambia baada ya kikao, "Mchungaji, mtu wako huyo mwambie aondoke. Vijana wamechoka."
Sikumwambia Alberto. Nilitaka masomo yangu yaishe kwanza.

Jumatano, 13 Oktoba
Wamemuua. Mchana kweupe, nyuma ya soko.
Nilifika amepiga magoti, sikio moja limening'inia. Mipini ya majembe, mawe. Aliniona. "Baba Neema, waambie." Nikawaambia, hakuna aliyesikia. Nikamlalia. Rungu likanivunja vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilitazama juu, nikamwona aliyelishika: Nandonde. Wakanivuta miguu kama mbuzi, wakamalizia. Damu yake ilikuwa mdomoni mwangu.
Wengi wao nimewabatiza mimi.

Alhamisi, 14 Oktoba
Tumemzika. Tulikuwa watu sita. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka.

Jumamosi, 16 Oktoba
Gunia zimeonekana Mnyambe, kwa mtu wa huku huku, si mkimbizi. Hakuna aliyekuja kunena nami.

Jumapili, 17 Oktoba
Nandonde alikaa benchi la mbele, shati limepigwa pasi. Alipofungua kitabu cha nyimbo nikashuka mimbarini, nikampiga usoni kwa mkono mzima. Akaanguka. Nikampiga tena chini, na tena, mpaka wanawake wakanishika. Jino lake lilibaki sakafuni.
Hakujikinga hata mara moja.
Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 18 Oktoba
Nimekwenda kwa Nandonde kuomba radhi. Mkewe hakufungua mlango.

Ijumaa, 22 Oktoba
Wakubwa wa kanisa wamekuja kutoka Masasi. Mimbari nimenyang'anywa mwaka mzima. Safari ya Msumbiji imefutwa. Mchungaji mpiga watu hatumwi kwa mataifa. Sikubisha. Wana haki.
Walipoondoka mke wangu, Mama Neema, akaniuliza, "Na mama yake Alberto, nani atamwambia?"
Akaanza kunifungia nguo za safari.

Jumanne, 2 Novemba. Ng'ambo
Nimevuka Ruvuma jana kwa mtumbwi. Sikutumwa na mtu. Njia kuu ina mabomu ya ardhini. Nilimfuata mchungaji wa mbuzi, mguu kwenye unyayo wake. Kando ya njia kulikuwa na kiatu, na mguu ndani. Sikutazama tena.
Nimemkuta mama yake Alberto akitwanga mtama. Kibibi kifupi, mabega ya mwanaume. Kimakua changu kibovu kilitosha. Nilimwambia yote: walioua ni watu wa kanisa langu, nilionywa, nikanyamaza.
Alinyanyua mchi akanipiga begani. Nikasikia mfupa. Akanipiga wa pili, ubavuni. Nikaanguka nikasubiri wa tatu. Akautupa, akaketi karibu yangu mavumbini, akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwetu. Jirani zake walijaa uani na mapanga. Aliwafukuza kwa mkono.

Jumatano, 3 Novemba
Siwezi kuinua mkono wa kulia. Amenifunga bega kwa kipande cha kanga yake. Uji wa mtama. Nililala mchana kutwa.

Jumamosi, 6 Novemba
Tumekwenda shambani kwake. Anasafisha pori kabla ya mvua, peke yake. Yeye alikata vichaka, mimi niliviburuta pembeni kwa mkono wa kushoto, vidole vikiwa bado vimefungwa. Sikuhubiri. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.
Jua lilipopanda tukakaa kivulini kunywa maji. Akaniuliza nitaondoka lini. Nikamwambia, atakaponiambia niende. Alitazama eneo lililobaki.
"Basi kesho pumzika," akasema. "Keshokutwa tutaanzia pale kwenye kichuguu."