Salamu za Mwenye Nyumba

Mjukuu wangu Mwanasiti,

Shikamoo yako imefika huku kwenye baridi, nami naitikia marahaba. Goti la babu yako limepoa, ulimi wake bado.

Waniuliza ofisa wa viza atakuuliza nini kabla hajakuruhusu kumfuata mumeo. Mimi, ofisa wangu aliniuliza jina la mume wangu. Nami nilikuwa nimetoka kijijini Bodo, huko pwani, na adabu zetu: mke hamtaji mumewe kwa jina.

“Mumeo ni nani?”

“Mwenye nyumba.”

Mkalimani, kijana wa bara, akamwambia ofisa kwamba namfuata mtu aliyenipangishia chumba. Kisha akaninong'oneza, “Mama, taja jina, utanyimwa viza!” Nikajifunika buibui.

Ofisa akampigia babu yako simu huku. “Mkeo anaitwa nani?”

“Mama watoto.”

“Mna watoto wangapi?”

“Bado, inshallah.”

Ofisa alicheka hadi akavua miwani. Akasema waongo wangekuwa wamekariri majina, akagonga muhuri.

Wewe mtaje Hamisi wako waziwazi, mwanangu. Ofisa wako huenda si mcheshi. Adabu utairudia mkishaonana.

Babu yako anachungulia barua hii, anadai leo niandike jina lake.

Mwenye nyumba anakusalimu sana.

Bibi yako