Mikono Kwenye Kamba, Kamba Kwenye Boule

Jumatatu, 7 Oktoba. Butembo

Mvua tangu alfajiri. Nimeita mara mbili ndipo thermos ikaja. Katika kiwanja hiki mzee hunywa kahawa kwa kupaza sauti.

Kasereka, mtoto wa marehemu mdogo wangu, anaosha jeep aliyoileta kutoka Kasindi. Anaiosha kwenye mvua. Nyuma ina attelage, yaani chuma cha kukokotea trela: bomba fupi la mraba lililofungwa kwa bolti kwenye shasi. Ndani ya bomba umechomekwa ulimi wa chuma, na juu ya ulimi imekaa boule, kichwa cha mviringo kama ngumi ya mtoto. Boule ameipaka rangi nyekundu. Trela hana. Anasema ni ya kuvutia na kuvutwa kwenye matope.

Nimemweleza taratibu, kama nilivyowaeleza wanafunzi wa mekanika maisha yangu yote. Boule imetengenezwa kwa trela inayofuata kwa upole. Shingo yake haizidi kidole gumba. Gari lililonasa halivutwi kwa upole, linanyakuliwa. Shingo ikikatika, kichwa kinaruka, na hakichagui pa kwenda. Cha kuaminika ni lile tundu la mraba. Chomoa ulimi, ingiza kipande cha chuma chenye manille, ile pete ya umbo la U inayofungwa kwa pini, na kamba ishike hapo. Kisha uvute moja kwa moja, si kwa upande.

"Papa mukubwa, chuma ya Ulaya haivunjikaka," akasema. Akaipiga boule teke la upendo.

Lile teke limeniudhi kuliko jibu.

Jumatano, 9 Oktoba. Mulekera

Tumekuja Beni, mtaa wa Mulekera, mimi na Kasereka, kupanga siku na wazazi wa kijana anayemuoa mjukuu wangu Masika. Ni Jumamosi ya juma lijalo. Ukoo mzima utakuja, na utakuja na jeep hii.

Njiani tulipita bourbier, lile shimo la matope chini ya mteremko linalomeza magari kila masika. Pale wanaishi vijana wa kuvuta magari. Mkubwa wao wanamwita Komanda, ingawa hajawahi kuwa askari. Mtu mnene, mcheshi, buti za mpira amezikata juu.

Pale kuna desturi ambayo sijaiona kwingine. Kabla gari halijavutwa, kila aliye karibu huweka mkono kwenye kamba. Abiria, mama wa ndizi, hata mpita njia. Hawavuti. Wanagusa tu, ili gari lione kwamba hakuna anayelitakia mabaya. Asiyegusa ana jambo moyoni.

Kwa hiyo kamba ya nailoni, inayovutika kama mpira wa manati, imefungwa kwenye boule ya gari moja lililonasa, nao wamejipanga kando yake kama kwenye komunyo. Sijawahi kuona upumbavu uliovaa upendo vizuri namna ile.

Nilisema wasogee. Nilieleza. Nilimwomba Komanda walau atupe gunia lililolowa juu ya kamba, ili ikikatika isiruke sana.

"Prof, weka mukono! Ao uko mulozi?" akapaza sauti Komanda. Mulozi, yaani mchawi.

Walicheka wote. Kasereka pia. Sikuweka mkono. Gari lilitoka salama, na wakanitazama kana kwamba wamenishinda kwenye mtihani.

Kunusurika si ushahidi. Nimewafundisha hayo watu ambao leo ni babu.

Ijumaa, 11 Oktoba. Butembo

Nimekwenda kwenye karakana ya shule yetu ya ufundi. Wananikumbuka. Wamenichongea kipande cha chuma cha mraba, kimejaa, hakina uwazi ndani, na tundu la pini upande. Manille nimechagua mwenyewe, nene. Nimekipima mara nyingi kwenye jeep Kasereka akiwa misa ya asubuhi. Kinaingia bila kucheza.

Usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri. Naona mikono ile.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemkabidhi mbele ya mke wake Kahindo, ili asiseme hakuelewa. Nimemwonyesha: pini hii, toa, ulimi nje, kipande ndani, pini irudi. Hata akikosa kipande siku moja, aingize kitanzi cha mkanda ndani ya tundu na apitishe pini katikati yake. Pini itapinda, lakini haitaruka kumuua mtu.

Kahindo alisikiliza. Kasereka alisema "merci sana, papa" mara nyingi mno. Mtu anayeshukuru hivyo anataka uondoke.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimechukizwa.

Nimeamka nikakuta lango limezuiwa lisifungwe na upepo. Limezuiwa kwa kipande changu cha chuma. Manille imo bado, imejaa udongo.

Nikaenda nyuma ya jeep. Ulimi wa boule umechomelewa ndani ya tundu. Umechomelewa! Pande zote nne. Jana alipita kwa mchomeleaji kwa sababu wezi wa mtaa wanachomoa kila kitu: taa, vioo, vifuniko vya magurudumu. Mjini kwetu tunachomelea. Tunachomelea betri ndani ya kizimba, tunachomelea gurudumu la akiba. Sasa amechomelea boule isiibiwe.

Yaani, ili kukilinda kitu dhaifu, ameziba kitu imara. Tundu la mraba halipo tena. Lipo, lakini limekuwa kaburi.

Nilimwuliza kwa utulivu atatoaje ulimi akinasa. Akanieleza, akinipapasa bega, kwamba sasa boule imekuwa nguvu zaidi maana "imeshikamana." Hakugusa shingo hata kidogo. Shingo ni ileile, kidole gumba.

Keshokutwa Masika, Kahindo na dada yangu Katungu watapanda gari hilo. Nimesema tukodi lingine. Wamenitazama kwa huruma. Kasereka, mwenye gari lake, akifika kwa wakwe na jeep ya kukodi watu watasemaje? Hilo ndilo swali lao. Watu watasemaje.

Jumamosi, 19 Oktoba. Mulekera

Naandika polepole.

Tumenasa saa za asubuhi, kama nilivyojua. Pua ya jeep ilizama hadi taa. Mbele hapafikiki. Nyuma yetu kulikuwa na lori lililokuwa likienda kupakia kakao Oicha, na askari mmoja amekaa juu yake. Dereva akakubali kutuvuta kinyumenyume. Komanda akaja na kamba yake, akaifunga kwenye boule nyekundu.

Nikamwonyesha shasi. Nikamwambia azungushe mnyororo kwenye boriti nzima ya attelage, asiguse kichwa. Akaniita baba, akaniondoa njiani kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha kiti. Yule askari akaniambia kwa Lingala, "Tika, mobange." Acha, mzee.

Kisha wito. "Bantu bote, mukono!"

Wakajipanga. Masika na nguo yake mpya ameikunja hadi magotini. Kahindo nyuma yake. Dada yangu Katungu mwisho, rozari shingoni. Kasereka yuko kwenye usukani, mbali na hatari, anacheka dirishani.

Niliwaambia waondoke. Hakuna aliyetikisika. Kwenda kwa wakwe na mtu wa ukoo hakugusa kamba? Nilieleza tena. Nusu ya sentensi yangu ilimezwa na injini ya lori. Nikaona waziwazi kwamba akili yangu yote haitamwondoa hata mtu mmoja pale.

Nikaacha kueleza. Nikakaa kwenye jiwe na kuagiza.

"Kahindo! Thermos yangu. Sasa hivi."

Mke wa mtoto hamkatalii mzee, hata mbele ya simba. Aliachia kamba.

"Masika, njoo unishike, nateleza." Nilikuwa nimekaa. Hata hivyo alikuja.

"Katungu, kofia yangu iko wapi? Mvua inanipiga." Dada yangu alisonya kwa sauti, watu wakacheka, akaja.

Komanda akapiga kelele: "Prof anataka bibi tatu kwa kahawa moja!" Lori likanguruma. Kamba ikalegea, ikakaza, ikawa nyembamba.

Mlio ulikuwa mdogo. Nilitarajia mkubwa zaidi. Boule haikuonekana ikienda. Tuliona tu ilipofika: imepita kwenye rejeta ya lori, maji yanachemka nje. Kamba ilirudi ikifagia upande mzima. Upande ule walipokuwa watu wangu hapakuwa na mtu. Upande wa pili alikuwa Komanda, mkono wake ungali kwenye kamba.

Sitaandika mkono ule ulivyokuwa.

Kahindo alikuwa amesimama mbele yangu na thermos. Hakuwa amenimiminia. Alitazama pale alipokuwa amesimama, akatazama tena.

Jumapili, 20 Oktoba. Mulekera

Komanda yuko hospitali Beni. Ataishi. Mkono wa kulia hautafanya kazi tena. Wamemwacha na mama yake.

Huku wazungumzaji walizungumza, mbuzi wakakubaliwa, watu wakala. Jana ileile! Nilitazama vinywa vikitafuna. Kasereka alisimulia habari mara tatu, na kila mara lori lilikuwa limevuta vibaya. Sikula.

Jumatano, 23 Oktoba. Butembo

Nimerudi nyumbani, nami nimetanguliwa na maneno.

Katungu ameniambia, akitazama chini. Sokoni wanasema: mzee aliwaondoa watu wake mmoja mmoja kabla chuma hakijavunjika. Hakuweka mkono. Mara mbili hakuweka mkono. Basi alijua. Na anayejua kabla, ndiye mulozi.

Nimemwuliza Kasereka kama amesikia. Alisafisha koo.

"Mais papa mukubwa, ulijuaka namna gani?"

Nilijuaje! Nilimweleza tarehe saba nikiwa nimelowa. Nilimweleza tarehe kumi na tano nikiwa na chuma mkononi. Nilichora hata shingo kwenye vumbi. Hesabu ninayoifundisha tangu yeye hajazaliwa sasa ni uchawi, kwa kuwa imetoka sawa. Ingetoka vibaya, ningekuwa mzee mwoga tu.

Sijawahi kuichukia familia yangu kama jioni hii. Naandika ili nisiseme.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kahindo alimjibu mumewe uani, mbele ya majirani. Niliyasikia yote kutoka dirishani.

"Weye ulisimama wapi? Miye nilikuwa pale. Ni thermos njo iliniokoa, hapana mulozi. Toa ile kitu kwa gari, ao miye sipande tena."

Hajanitetea mtu mwingine yeyote. Padri aliuliza tu kama napumzika vizuri.

Jumanne, 29 Oktoba

Kutwa nzima kelele ya mashine ya kusaga chuma. Cheche uani. Kasereka ameukata ulimi uliochomelewa, kisha akasafisha ndani ya tundu kwa tupa, kona zote nne. Hakuniita. Sikutoka. Nilihesabu tu kwa masikio: sasa anakata, sasa anasugua, sasa kipande changu kinagoma, sasa kimeingia. Pini ililia kidogo.

Dereva mmoja aliyetoka Beni anasema vijana wa bourbier wameitundika boule kwenye mti kando ya njia. Wapita njia wanasimama kuitazama. Kisha wanafunga kamba kwenye boule ya gari linalofuata, na kuweka mikono. Anayeongoza sasa ni kijana mwingine, nao wamemwita Komanda vilevile.

Nimetema mate dirishani, jambo ambalo sikuzoea kulifanya.

Jumapili, 3 Novemba

Jana tulikwenda kusafisha kaburi la mke wangu. Tulikwenda na jeep. Nilipita nyuma yake, nikainama, nikatikisa manille. Imekaza. Kasereka aliniona nikitikisa, akageuza uso. Hakuniomba radhi, wala sidhani ataniomba. Makaburini wanawake wawili walihama njia nilipokaribia.

Leo mvua. Misa sikwenda, magoti. Nilikuwa bado kitandani niliposikia mlango. Kahindo aliweka thermos dirishani, akafunga mlango polepole.

Sikuwa nimeita.