Usichonge Kijiti

Porini, nyuma ya Pangi, tarehe 9 Agosti 2002

Baba mupendwa,

Nakusalimia sana. Mama anaendeleaje na mugongo wake? Na nyinyi huko Kindu munaamkaje? Sisi tuko, kwa neema ya Mungu, lakini hatuko wazima wote, na njo maana nakuandikia.

Tulikimbia kijiji siku silaha zilipolia karibu na shule. Tuko hapa porini na familia zingine mbili, pamoja na mama mukwe wangu. Muhogo tunapata, majani yake ya sombe tunapata. Nyama hakuna, samaki hakuna. Mutoto wangu Joëlle ameanza bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula kizuri, Baba. Miguu imevimba, nywele zinageuka nyekundu, na hacheki tena. Mama Adèle, muuguzi aliyekimbia pamoja nasi, anasema dawa yake ni nyama tu, hata ya panya, na iwe upesi.

Bunduki hatuna, na hata tungekuwa nayo, mulio mumoja tu unaleta watu wabaya. Tuna ile arbaleti, ule upinde wa kufyatua, uliyomupa Zéphirin alipokuja kunioa. Hiyo haina kelele, na kima wamejaa juu ya miti hapa, wanatuangalia kama sisi njo wageni wao. Lakini imeharibika. Zéphirin akivuta kamba na kuiweka ndani ya pengo lake, haikai. Inafyatuka yenyewe kabla hajagusa kitu. Mara ya mwisho mushale ulipita karibu na sikio la Mama Adèle, na mpaka leo hataki kukaa mbele ya Zéphirin hata wakati wa kula.

Alipaka mafuta ya mawese, wapi. Halafu mwiba umemuchoma, mukono wa kuume umevimba, hawezi kushika hata kijiko. Anasema kile kijiti cha ndani kimekuwa kirefu, akipata nafuu atakichonga. Mimi siigusi, unajua mwenyewe. Naiangalia tu, imetundikwa juu ya moto, kama tulivyokausha samaki kijijini, ili mwanamke asije akairuka kwa bahati mbaya.

Barua hii nampa Béatrice, mama mumoja anayeuza chumvi na kuvuka mito bila kuogopa. Atakutafuta huko Kasuku, mutaani kwenu. Tuambie tufanye nini.

Binti yako,
Euphrasie


Kindu, tarehe 27 Agosti 2002

Mama yangu Frasi,

Nilipoona mwandiko wako nilikaa chini. Mama yako mugongo unamuuma kama kawaida, lakini mudomo hauumi. Anakusalimia na anakugombeza kwa nini hukuandika mapema. Sisi hapa mujini tumefungwa kama kuku ndani ya tenga. Mashamba hatuendi, na muchele wa Kibombo haufiki tena. Lakini tunapumua.

Sasa sikiliza. Kijiti kisiguswe! Mwambie bwana yako aweke kisu chini. Arbaleti yangu ni muti mumoja, nyuma nimeupasua ukawa na midomo miwili, wa juu na wa chini. Kijiti kimesimama juu ya mudomo wa chini, kinapita ndani ya tundu la mudomo wa juu, kinaishia pale ndani ya pengo ambamo kamba inakaa. Midomo ikiwa wazi, kijiti kinalala na kamba inatulia. Ukiibana kwa mukono, kijiti kinapanda, kinasukuma kamba nje, na mushale unaenda. Gasheti yake, ile ya kufyatulia, yote njo hiyo.

Mimi nadhani ni moto. Nani aliwaambia muikaushe kama samaki? Nimeelewa mulitaka kuheshimu, lakini muti haujui heshima. Ukikauka sana midomo inajikunja, inakutana, na kijiti kinapanda bila kuitwa. Lakini nadhani tu, sijauona. Zéphirin apitishe ukucha ndani ya pengo kabla ya kuvuta kamba. Akigusa kijiti kimejitokeza, ni moto. Asipogusa kitu, basi pengo lenyewe limelika, na hiyo ni kazi ingine. Nijibu upesi. Musalimie Joëlle, mwambie babu yake anamungoja.

Baba yako,
Édouard


Porini, tarehe 15 Septemba 2002

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Mungu awalinde. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya chumvi, nikaibusu.

Zéphirin hali yake si nzuri. Mukono umepasuka usaha, homa inampanda, anaongea na watu wasiokuwepo. Wanaume wengine ni wawili. Muzee Onema haoni na vidole vyake vimekufa ganzi, na yule mwingine alitoka kutafuta njia ya Kalima, hajarudi. Joëlle sasa amevimba mpaka uso. Kwa hiyo hakukuwa na muntu wa kupitisha ukucha.

Nimepitisha wangu. Usinikasirikie. Nilipanda juu ya kinu, nikaingiza mukono bila kuitundua, na kijiti nimekigusa. Kimejitokeza kama jino la mutoto linaloanza kuota. Ni moto, Baba, ulisema kweli.

Mama mukwe aliniona. Hakupiga kelele, alilia tu. Anasema mwanamke akishika silaha ya kuwinda, haitaua tena, na hapo njo tutakufa wote. Amekaa pale karibu na moto, haondoki. Mimi nilikulia nyumbani kwako, najua kwamba hata wewe hukuturuhusu kugusa mishale yako. Naogopa. Lakini naogopa zaidi kumuzika mutoto hapa. Ukisema hapana, nitaacha.

Binti yako,
Euphrasie


Kindu, tarehe 2 Oktoba 2002

Mama yangu,

Leo sina salamu ndefu. Shika arbaleti.

Musomee mama mukwe wako maneno haya kwa sauti: mimi Édouard niliyeichonga, mimi njo ninayesema Euphrasie aishike, aivute na apige nayo. Kama kuna mwiko, uje kwangu Kindu, nyumba yangu inajulikana. Usimutukane. Ni muzazi na ana woga kama sisi. Mimi pia nimelelewa hivyo.

Kazi ni hii. Itoe juu ya moto. Vua kamba. Zungushia midomo yote miwili maganda mabichi ya mugomba, uyamwagie maji, na uilaze kivulini. Muti ukilainika, ingiza kabari nyembamba kati ya midomo, polepole. Kesho yake ingiza nene kidogo. Usigonge na jiwe. Muti ukipasuka tumekwisha.

Na kijiti usikichonge hata kikikutukana. Mvua zimeanza. Muti utakunywa maji na kurudi mahali pake, na kijiti kilichokatwa hakitafika tena kwenye kamba. Hapo utabana midomo mpaka mukono ufe na mushale hautaondoka.

Ukucha ukipita bila kugusa kitu, rudisha kamba. Ukivuta, kanyaga upinde kwa miguu yote miwili, na uso wako usiwe juu ya kamba hata kidogo. Muntu asisimame mbele yako. Mwanangu, nenda pole.

Baba yako,
Édouard


Kindu, tarehe 24 Desemba 2002

Frasi,

Habari za siku nyingi? Naandika bila kujua nani atasoma. Béatrice haonekani tena sokoni, na waliotoka upande wenu hawakujui. Nimempa barua hii muntu wa baiskeli aliyesema atajaribu.

Mama yako ameacha kunigombeza. Ananipikia na kuniangalia, na hiyo ni mbaya zaidi. Mimi nafikiria ile kamba tu. Nilikuambia uivute, na muti wenyewe sikuuona kwa macho yangu. Kama ilikurukia usoni? Kama Joëlle hakungoja? Watu wanakuja kunipa Noeli njema, nawaitikia, sijui hata nimewaitikia nini.

Niandikie neno moja. Lolote.

Baba yako


Pangi, tarehe 18 Julai 2003

Baba mupendwa, Mama mupendwa,

Tupo. Wote. Joëlle yupo, Zéphirin yupo, mama mukwe yupo, mimi nipo na macho yangu yote mawili. Naanza na hiyo, salamu zitafuata.

Niliandika mara nyingi, hakuna barua iliyotoka. Njia zilifungwa. Béatrice alikwama Kalima na ameolewa huko, fikiria. Barua yako ya Noeli imenifikia juzi tu, tuliporudi kijijini. Nimeisoma nikalia, halafu nikaona haya, maana Noeli hiyo wewe ulikuwa unalia na sisi tulikuwa tunakula kima.

Yale maneno yako nilimusomea mama mukwe. Nikafikiri sasa ataondoka na kunilaani. Akainuka, akapanda juu ya kinu na uzee wake ule, akaitundua yeye mwenyewe na kuniwekea mikononi. Akaniambia, "Kama mwiko uko, utatukuta wawili." Maganda ya mugomba ni yeye aliyekata.

Kabari ilikubali. Kamba ikakaa, ikatulia. Mishale ya kwanza sijui ilienda wapi, labda mpaka Lubutu huko mbali. Halafu siku moja kima akaanguka karibu na Mama Adèle, muuguzi wetu akapiga yowe, akamwaga sufuria nzima ya sombe, na Joëlle akacheka. Baba, alicheka na uso wake wote ule uliovimba! Niliketi pale chini na arbaleti magotini, nikashindwa kwenda kuokota nyama. Supu alikunywa taratibu, kidogo kidogo kama Mama Adèle alivyotaka. Nywele zake sasa ni nyeusi, na anajibu wakubwa vibaya, nashukuru Mungu.

Mukono wa Zéphirin umepona lakini vidole viwili havikunjiki, hawezi kubana midomo. Basi yeye anabeba mishale, mimi napiga. Wenzake wanamucheka. Anawaambia nyama ni tamu vilevile. Na mvua zilipozidi, kijiti kilibaki sawasawa.

Binti yako,
Euphrasie


Ujumbe wa simu, tarehe 11 Machi 2024

Frasi mama, umeamkaje? Zéphirin na wajukuu wangu, wote ni wazima? Mimi ni magoti tu. Muntu wa Kibombo ameniletea arbaleti, anafukuza nayo kima kwenye mahindi. Inafyatuka yenyewe. Hiyo inaweza kuwa nini? Baba.

Salamu Baba, huku tuko muzuri. Iliwekwa juu ya moto? Euphrasie.

Hapana. Kijiti kiko mahali pake, na pengo halijalika. Baba.

Kamba yake ni ya nini?

Nailoni, ya wavu wa samaki.

Basi ni hiyo. Ni nyembamba na inateleza, haikai ndani ya pengo. Asokote kamba nene kama ile ya zamani, itatulia. Lakini Baba, wewe njo ulinifundisha. Unaniuliza mimi kitu ambacho unakijua kwa kugusa tu? Euphrasie.

Nilikijua yule muntu alipokuwa bado anafungua mulango. Ila mwaka ule nilikaa muda murefu nikingoja neno lako, na lilikuwa haliji. Tangu hapo nikipata swali, hata lile ambalo jibu lake ninalo, nakuletea wewe kwanza. Nangoja hapa na simu mukononi mpaka unijibu, halafu naenda kula. Baba yako.