Mkazi wa Nyumba ya Wifi

3 Septemba

Shikamoo wifi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wasichana wako wa bwenini, na kwamba goti limepunguza ugomvi na zile ngazi. Mimi naendelea, kwa kiasi. Ningepiga simu, lakini maneno haya ni rahisi kuyaandika kuliko kuyasema.

Najua utaugeuza mwandiko huu mara mbili kabla ya kuamini ni wangu. Tangu mimi na kaka yako tuachane, nilidhani ukipoteza mume umepoteza na watu wake, hata salamu zao. Nikanyamaza, miaka ikapita hivyo hivyo.

Ile hoteli nilikokuwa nikishona imeuzwa. Unakumbuka nilivyokueleza zamani kazi yangu: chumba cha chini, mashine mbili, mashuka ya kutiwa viraka, mapazia ya kufupishwa, zipu za sare za wahudumu. Wenye hoteli wapya wanapeleka kila kitu kwa kampuni ya nje. Kibali changu cha kukaa kilifungamana na kazi, kwa hiyo mwezi ujao narudi nyumbani.

Kuna jambo hulijui. Mwaka juzi walinifungua kifua wakaniwekea vali ya chuma, mlango mdogo wa kupitisha damu moyoni. Ukikaa nami mahali palipotulia unaisikia inagonga kama saa ya mkononi. Siku zote nameza dawa ya kuzuia damu isigande, na kila baada ya wiki chache lazima damu ipimwe, maana dawa ikizidi navuja, ikipungua naganda. Huku bima ya kazini imelipa yote. Siku nikipanda ndege inakatika. Bima ya serikali ya nyumbani ilisimamishwa zamani, nilipohama. Nimeuliza, wanasema hurudishiwa mtu aliyerudi kuishi, siyo aliyekuja kutembea. Lazima nionyeshe ninakaa wapi na kwa nani.

Wazazi wangu walishatangulia, na mama alinizaa peke yangu. Nimekaa na swali hilo la kwa nani, nikaona jina moja tu. Ukikataa nitaelewa, wala sitaweka kinyongo.

Aliyekuwa wifi yako


21 Septemba

Wifi,

Marahaba. Mimi mzima, goti bado ni lile lile. Barua yako niliisomea chumba cha kufulia ili wasichana wasinione nikilia. Wakaniona. Wakauliza, "Matroni, umefiwa?" Nikawaambia hapana, nimefufukiwa.

Kwanza kabisa, hilo neno "aliyekuwa" lifute. Kaka yangu, Bwana Kesho, kama tulivyomwita sisi wawili jikoni, alikuoa kwa akili zake na akakuacha kwa akili zake. Mimi sikuitwa kwenye kikao chochote. Ana mke mwingine sasa, mwanamke mzuri, naye ameshaanza kuchoka kusikia kesho.

Nyumba yangu ya mjini inakaa tupu wakati wa masomo. Ufunguo anao fundi viatu, jirani wa ukuta mmoja, mtu mpole anayeongea na viatu zaidi kuliko na watu. Chukua chumba cha mbele, kinapata jua la asubuhi. Kuhusu moyo unaogonga usiwe na wasiwasi. Hapa nalala ukumbi mmoja na wasichana themanini, na robo yao wanakoroma. Wewe utanisumbua nini?

Njoo. Na uje na cherehani kama inabebeka.

Wifi yako


2 Novemba

Shikamoo wifi,

Habari za huko na za mitihani? Mimi nimefika, na ninakuandikia nikiwa kwenye meza yako. Fundi viatu alikuwa amefagia mpaka uani. Alinitazama, akanitazama tena, akasema, "Wewe ndiye wifi." Hakuuliza, alisema. Nikaitika, nikapokea ufunguo, na nilipofunga mlango nikakaa chini palepale na mizigo yangu. Hukuwahi kunionyesha nyumba hii. Nimeipenda.

Jana nimekwenda ofisi ya bima. Foleni ndefu, lakini mama wa dirishani alikuwa na subira, miwani imening'inia shingoni, na yeye humwita kila mtu "mpenzi". Aliona muhuri wa kuingia nchini, akaona karatasi za hospitali ya kule. Akauliza kama nina mkataba wa kupanga. Nikamwambia sina, nakaa kwa wifi yangu.

"Basi mpenzi, yeye mwenyewe afike aseme mbele yetu kwamba unaishi kwake. Tawi lolote, hata la huko aliko. Akishasema, bima yako inaanza siku hiyo hiyo."

Najua huu ni msimu wa mitihani na huwezi kuwaacha wasichana. Daktari wa kule alinifungashia dawa za kunitosha kwa muda, kwa hiyo usijisumbue. Utakapopata nafasi tu.

Asante kwa blanketi la bluu uliloagiza litolewe sandukuni kwa ajili yangu. Fundi amesema ulimpigia simu aliweke kitandani.

Wifi yako


19 Novemba

Shikamoo wifi,

Natumaini u mzima. Mimi nimepata nafuu, ndiyo maana naandika, na fundi viatu amenitishia kwamba nisipoandika yeye atapiga simu.

Kipimo cha damu nilikiahirisha. Nilijiambia bima iko njiani, kwa nini nilipie mfukoni. Jumanne asubuhi nikiwa nafua, pua ikaanza kutoka damu, nikabana, ikaendelea. Beseni lilikuwa limeshabadilika rangi nilipogonga ukuta. Fundi aliacha kibanda wazi, kiatu cha mteja kingali kwenye chuma, akanipeleka hospitali ya serikali ameshikilia taulo usoni mwangu kama mtu anayebeba chungu kilichopasuka.

Pale mapokezi nikaanza kueleza kwamba bima yangu bado. Muuguzi akanikatiza: "Damu kwanza ikome, mengine tutayazungumza ukiwa umekaa." Walinilaza usiku mmoja. Dawa ilikuwa imezidi mwilini, wakaipunguza. Hakuna aliyenifokea. Wifi, kule nilitibiwa vizuri sana, siwezi kusema vinginevyo, lakini sikumbuki mara ya mwisho kuelezwa ugonjwa wangu kwa lugha ninayoiotea ndoto.

Daktari anataka nirudi kliniki kila wiki mpaka damu itulie. Dharura waliipokea bila bima, lakini kliniki inaihitaji. Sikuharakishi. Nakueleza tu kama ulivyo ukweli.

Wifi yako


25 Novemba

Wifi,

Sauti yako jana kwenye simu ya fundi ilikuwa nyembamba, na kila nikitaka kueleza unaniuliza habari za goti. Kwa hiyo naeleza hapa, na goti ni zima.

Barua yako ya tarehe mbili sikuiona. Ilikuwa imechanganywa na barua za mhasibu, naye alikuwa likizo. Nimezipokea zote mbili siku moja, juzi. Nilisoma ya damu kwanza. Nikamwambia mwalimu mkuu naenda ofisi ya bima, akasema mitihani, nikamwambia mitihani ina wasimamizi watano na wifi yangu ana mimi. Akanipa gari la shule na dereva.

Tawi la hapa ni chumba kimoja. Karani ni kijana mtaratibu mwenye tai. Akauliza, "Huyu ni nani kwako?"

"Wifi yangu."

"Mke wa kaka yako?"

"Alikuwa."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo waliachana."

"Kaka yangu ndiye aliyeachana naye. Mimi sikuachana naye."

Waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu wakacheka. Yeye hakucheka, alifikiri kidogo, kisha akasema, "Mama, kusema kweli sheria haijali undugu. Inataka kujua kama anaishi kwako."

"Anaishi kwangu. Chumba cha mbele."

"Mpaka lini?"

"Mpaka achoke mwenyewe."

"Hilo sina pa kuliandika."

"Andika kwamba hapo ndipo kwao."

Akaandika, wifi. Nikaona mkono wake ukiandika. Nilipomweleza habari ya damu, akachukua simu akampigia yule mama yako wa miwani, nikamsikia akiitwa mpenzi, masikio yakamwiva kwa haya. Amesema uende na kitambulisho, usisubiri barua ya ofisi.

Ukiipata hii, kesho yake nenda. Kesho ya kweli, siyo ya kaka yangu.

Wifi yako


4 Desemba

Shikamoo wifi,

Nakuandikia nikiwa nimerudi kutoka kliniki sasa hivi, nimevua viatu, nina chai. Natumaini wasichana wamemaliza mitihani na wewe unapata usingizi.

Kadi ninayo. Yule mama alinikabidhi kwa mikono miwili. Leo walipoita jina langu nilisimama haraka mno, muuguzi akasema taratibu mama, hakuna anayekimbia. Akaiingiza namba yangu kwenye kompyuta, jina likatokea, akanichoma kidole. Basi, ikawa imekwisha. Damu imerudi pale inapotakiwa. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu, nikakosa wa kubishana naye. Nikatoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka macho yakakauka.

Sijui nikushukuru kwa maneno gani. Mapazia yako nimeyashona upya yote, lakini hayo si malipo.

Sasa nisikilize. Shule inakaribia kufunga na wewe unahitaji nyumba yako upumzike. Nimepata chumba cha kupanga mtaa wa pili, kisafi, na mwenye nyumba ni mtu wa heshima. Nitahama kabla hujafika ili usinikute nimejaza sebule yako na vitambaa vya watu. Umeshanibeba vya kutosha.

Wifi yako


9 Desemba

Wifi,

Marahaba. Nimefurahi mpaka nikawanunulia bweni zima biskuti, wakaniuliza leo ni sikukuu gani.

Hicho chumba cha mtaa wa pili, mwambie mwenyewe asante, ampe mwingine. Nilisimama mbele ya serikali nikasema hapo ndipo kwenu, kijana wa watu akaandika. Ukihama, mimi nitakuwa nimesema uongo ofisini, na kwa umri huu sitaki kuanza.

Nafika Jumamosi kwa basi la mchana. Chumba cha mbele ni chako, mimi nalala cha nyuma. Vitambaa viache sebuleni, tutavipita.

Ukipika, pikia watu wawili.

Wifi yako