Mishipa Imechipua Kwenye Kisahani

Baba,

Mwangaluka. Nakuandikia nikiwa nyumbani, Nkoma. Nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia.

Ulikuwa ukinitania kuhusu kazi yangu ya maabara kule Dar. "Mwanangu anafuga vitu visivyoonekana." Basi vimekubali, baba. Nilichukua seli za mishipa ya damu, nikaziingizia jeni inayoziamuru zitengeneze kichocheo cha ukuaji. Zikasogeleana, zikaungana, zikawa vijishipa vyembamba kama nyuzi za pamba. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje kulia. Mguu wako ulikufa kwa kukosa vijishipa kama vile.

Na bado viko kwenye kisahani tu. Nchi nyingine wameshaijaribu tiba hii kwa wagonjwa, wapo waliopata nafuu, wapo ambao hawakuona tofauti yoyote. Kila nikiulizwa kama imeshakuwa dawa, nasema "bado". Nimelichoka hilo neno.

Nimekuja likizo nakuta Baba mdogo Masanja anatangaza kwamba ulirogwa na jirani yetu, Mama Nkamba, eti kwa sababu alikuwa akikuletea mtindi. Mtindi, baba! Mama wa watu hatoki ndani kwa hofu.

Jana nilisimama mbele ya ukoo nikaeleza: kisukari kiliharibu mishipa, ikaziba, damu haikufika, mguu ukaoza. Baba mdogo akaniuliza, "Kama unajua yote hayo, mbona hukumponya?"



Mama ndiye aliyeinuka. Alikwenda kwa Mama Nkamba, akarudi amemshika mkono, akamketisha kwenye mkeka wake. Mjane wa marehemu akishafanya hivyo, nani tena aseme? Maneno yakaishia pale.

Lakini watu walipotawanyika nikamwona Baba mdogo njiani. Anatembea kidogo, anasimama, anakanda kigimbi. Kama wewe kabisa. Nikamwambia twende Bariadi hospitali wakaupime mguu. Akasema ni uchovu wa shamba.

Nilitaka kupiga kelele. Yaani nikuzike wewe, halafu nimzike na yeye, kwa ugonjwa uleule?

Kesho asubuhi naenda kumgongea mlango. Akinifukuza, nitarudi jioni. Sitapanda basi la Dar kabla hajapimwa, nakuahidi.

Lala salama, baba.

Mwanao,
Kabula