Fundi Uliyetuchagulia Hajapanda Ngazi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, kile kisichovuja.
9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu, na pole na kazi. Mgongo unaendeleaje? Wifi bado anakukanda, au ameshakuchoka? Sisi ni wazima, isipokuwa Mama, ambaye kifua kinambana tangu mvua zianze. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu Mama husikiliza, tena hunisaidia kujibu.

Yule fundi uliyesoma naye amekuja mara tatu. Zote tatu amesimama getini, akafinya macho kama anayesoma bango la mbali, akasema mabati yote yang'olewe. Ngazi hajaigusa. Viatu vyake vinang'aa kuliko madirisha yetu.

Nilimwomba anitajie nyumba aliyoezeka. Akanionyesha picha, zote zimepigwa juani. Kaka, juani hata paa letu linapendeza. Basi Jumanne, mvua ilipokolea, nikachukua mwavuli nikaenda kuwasalimia wenye nyumba mojawapo. Walinikaribisha vizuri sana, nikaketi katikati ya ndoo mbili.

Wakati wa kurudi nikajibanza kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Vitambaa kila mahali, ndoo hakuna. Akasema aliyemwezekea wanamwita Bwana Ngoja, na kwamba mvua ya kwanza iliponyesha alirudi mwenyewe, bila kuitwa, kukagua.

Nikamleta juzi. Bei hakutaja. Aliuliza mvua huingia kutoka upande gani, akapanda darini, akakaa humo hadi nikadhani amelala. Alishuka na utando wa buibui kichwani na kipande cha mbao, akakivunja kwa vidole kama biskuti. Mabati mengi bado yanafaa, akasema, ila mbao zilizo juu ya kitanda cha Mama zimeoza. Mapya yakipigiliwa juu yake, ni kuongeza mzigo tu.

Mama akampa chai, akamshukuru, akamuaga.

"Mwanangu ameshachagua," akaniambia. "Nikimkubali huyu, nitakuwa nimemwaibisha."

Kitanda nacho hataki kihamishwe. Akikihamisha, anaona ni kama kutangaza kuwa umedanganywa. Amelaza sufuria miguuni pake, anaizunguka kwa adabu kama mgeni.

Sikulaumu. Rafiki yako ni mcheshi kweli, na mimi mwenyewe alinichekesha. Ila anataka kuanza Jumatatu. Tafadhali mpigie Mama kabla ya hapo, umwambie kwa kinywa chako kwamba umebadili mawazo. Mimi usinitaje.

Vumbi litakalomwagika ukifungua bahasha hii si uchafu wangu. Ni ile mbao.

Msalimie Wifi na mapacha. Shangazi anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Mungu akufunike wewe na wako, huko uliko na huku ulikotoka.

Naishia hapa, sufuria imejaa.

Wako akupendaye hata unapokosea,
Mdogo wako wa mwisho